Tufaha la Newton na Tope la Hanang

Jioni ya Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionesha kipindi kiitwacho "Wild Blue Yonder". Kilikuwa cha pili kati ya vipindi maalumu vitatu vilivyotengenezwa kuadhimisha miaka 60 ya Doctor Who, mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi ulioanza kuoneshwa tarehe 23 Novemba 1963. Kwa saa za Afrika Mashariki ulikuwa ni usiku. Usiku huohuo mvua kubwa ilikuwa ikinyesha juu ya mlima Hanang, mkoani Manyara. Kabla jua la Jumapili halijachomoza, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, sehemu ya mteremko wa mlima ule iliporomoka. Tope lililobeba mawe na magogo likaingia katika mji wa Katesh na katika vijiji jirani, vikiwamo Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Mambo haya mawili hayana uhusiano wa chanzo na tokeo. Ni kalenda tu iliyoyaweka jirani. Lakini mwalimu wa fizikia atakayeyatazama kwa pamoja ataona kwamba kipindi kile kilianza na mzaha juu ya kani ya mvutano wa dunia, kikaishia katika fumbo juu ya wakati, na kwamba mvutano na wakati ndivyo hasa vinavyohitajika ili kueleza yaliyotokea Hanang. Makala haya yamekusudiwa walimu na wanafunzi wa sekondari, hasa wa wilaya za Hanang na Mbulu, ambao kwao mteremko si mchoro wa ubaoni tu. Wengi wao huupanda kila siku kwenda shule.

Hadithi yenyewe

Kwa wasomaji wasioijua hadithi hii, maelezo machache yatatosha. Shujaa wake, aitwaye Daktari, ni msafiri anayepita katika wakati kama sisi tupitavyo barabarani. Chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha bluu cha simu ya polisi, na kwa ndani ni kikubwa kuliko kinavyoonekana kwa nje. Mfululizo huo umekuwa na desturi ya kutengeneza kipindi maalumu kila unapotimiza miaka ya kukumbukwa. Kile cha miaka 10, "The Three Doctors", kilioneshwa kati ya Desemba 1972 na Januari 1973, wakati ambapo kwetu televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza Zanzibar. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kile cha miaka 50 kilioneshwa tarehe 23 Novemba 2013 katika nchi zaidi ya 90 kwa wakati mmoja.

Katika "Wild Blue Yonder" Daktari na mwenzake, Donna Noble, wanatua mwaka 1666 juu ya mtofaa, na chini yake ameketi kijana Isaac Newton. Donna anafanya mzaha kwa neno "gravity", kisha wanaondoka. Newton, akiwa peke yake, anajaribu kulikumbuka neno lile zuri alilolisikia, na linalomjia ni "mavity". Tangu hapo hadi mwisho wa kipindi, na hata katika vipindi vya baadaye, watu wote husema "mavity" kana kwamba ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Historia ya kweli ni tofauti kidogo. Ni kweli kwamba tauni ilipokifunga Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1665, Newton alirudi nyumbani kwao Woolsthorpe, na huko akafikiri mengi. Habari za tufaha alizisimulia mwenyewe uzeeni, mwaka 1726, kwa rafiki yake William Stukeley. Hakusema kwamba tufaha lilimpiga kichwani. Wala neno "gravity" si yeye aliyelizua, kwa kuwa latokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzito, ambalo wanazuoni walilitumia karne nyingi kabla yake. Alichofanya Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, ni kuonesha kwamba kani inayolishusha tufaha ndiyo ileile inayoushika mwezi katika njia yake.

Mzaha huu unawahusu wanafunzi wetu kuliko unavyowahusu watoto wa Kiingereza. Mtoto wa Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na aingiapo kidato cha kwanza jambo lilelile hubadilishiwa jina, akaanza kulisoma kwa Kiingereza. Mtoto wa Mbulu huenda amekwisha kulitaja kwa Kiiraqw kabla ya hayo yote. Mara nyingi mwalimu husahihisha jina kwa bidii, akasahau kuuliza kama mwanafunzi anakijua kitu chenyewe. Mvutano, uvutano, graviti, "mavity": jiwe lililolegea mlimani litashuka kwa mchapuko uleule wa karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kama hakuna cha kulizuia. Basi tutazame kinachozuia.

Hesabu ya mteremko

Chukua bonge la udongo lililolala juu ya mteremko. Uzito wake huvuta wima kuelekea chini, na twaweza kuugawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huelekea chini kwa kufuata mteremko. Hii ni uzito mara saini ya pembe ya mteremko, nayo ndiyo inayosukuma bonge liteleze. Sehemu ya pili hulikandamiza bonge juu ya ardhi iliyo chini yake. Hii ni uzito mara kosaini ya pembe. Ukandamizaji huo ndio unaozaa msuguano, na msuguano ndio unaoushikilia mlima.

Ukigawanya kani ya juu kabisa inayoweza kuzuia kwa ile inayosukuma, utapata namba moja tu: kizigeu cha msuguano kugawanya kwa tanjenti ya pembe. Namba hiyo ikizidi 1, bonge hutulia. Ikipungua chini ya 1, huteleza.

Hapa wanafunzi wasimame kidogo, kwa maana uzito umetoweka katika hesabu. Baada ya maafa ya Desemba 2023 watu wengi walisema kwamba udongo ulilowa, ukawa mzito, ukaanguka. Maelezo hayo yanaonekana ya busara, lakini hesabu inayakataa. Uzito ukiongezeka peke yake, kani inayosukuma huongezeka, na msuguano nao huongezeka kwa kadiri ileile. Bonge la kilo 10 na bonge la kilo 10,000 yana haki sawa ya kutulia. Maji yanafanya jambo jingine, la siri zaidi.

Jambo hilo lilielezwa kwa mara ya kwanza kwa ufasaha na mhandisi Karl Terzaghi katika miaka ya 1920. Udongo ni chembe zinazogusana, na katikati yake zimo nafasi. Nafasi zikiwa na hewa, uzito wote wa juu hupita kutoka chembe hadi chembe, na chembe husuguana kwa nguvu. Nafasi zikijaa maji, maji nayo hubeba sehemu ya mzigo kwa kanieneo yake, yaani kwa kani yake juu ya kila eneo, na chembe hukandamizana kidogo zaidi. Maji hayana msuguano wa kuzuia mteremko. Kwa hiyo kadiri maji yanavyobeba, ndivyo kizuizi kinavyopungua, hali kani inayosukuma imebaki yote, maana uzito wa maji yenyewe nao unasukuma.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Mteremko una pembe ya nyuzi 25, ambayo tanjenti yake ni 0.466. Udongo una kizigeu cha msuguano cha 0.625. Ukiwa mkavu, uwiano wetu ni 0.625 kugawanya kwa 0.466, yaani 1.34; mteremko umetulia, na mtu aweza kulima na kujenga chini yake kwa miaka mingi bila kuona dalili yoyote mbaya. Sasa mvua inyeshe mpaka nafasi zote zijae hadi juu, na maji yatiririke ndani ya udongo kuufuata mteremko. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa namna hii ina kilo 2,000 hivi, na mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Maji yanakuwa yamebeba nusu ya ukandamizaji. Uwiano unashuka hadi 0.67, nao ni chini ya 1. Hakuna aliyechimba, hakuna tetemeko, na pembe haikubadilika hata kwa nyuzi moja.

Mfano huu umeacha mengi. Umeacha mizizi ya miti, ambayo hufunga udongo kama kamba. Umeacha unata wa udongo wa mfinyanzi. Umeacha mipasuko ya miamba. Hanang ni mlima wa volkano wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na baada ya maafa uvumi ulienea kwamba umelipuka. Serikali, kwa kufuata uchunguzi wa wataalamu, ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikamomonyoka na kugeuka tope. Msomaji aliyefuata hesabu yetu ataona kwamba maelezo hayo hayahitaji moto wowote kutoka chini ya ardhi.

Jaribio la darasani

Haihitajiki maabara kubwa. Tafuta ubao wenye urefu wa mita moja, uufunike kwa kitambaa cha gunia, na juu yake weka kipande cha mti. Inua ncha moja polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa, kisha pima umbali wa mlalo kutoka chini yake hadi ncha ya pili. Gawanya kimo kwa umbali huo, na jibu ndilo kizigeu cha msuguano. Hata kipimapembe hukuhitaji. Rudia ukiwa umeweka jiwe juu ya kipande cha mti. Mwanafunzi atakayepata jibu lilelile atashangaa, na mshangao huo una thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Kisha chukua debe lililokatwa kwa urefu, ambalo kingo zake zimekunjwa ili zisikate mikono. Tia udongo wa kichanga unene wa vidole vinne, liinamishe kiasi, na mwagia maji ncha ya juu kwa mkebe uliotobolewa matundu madogo. Maji yatakusanyika chini ya udongo, na baada ya muda udongo utaanza kushuka. Sasa toboa matundu katika ukuta wa debe wa upande wa chini, weka udongo mkavu mwingine na mwagia maji kiasi kilekile. Mara hii maji yatapata njia ya kutoka. Linganisheni muda, na inamisheni debe zaidi kidogo kidogo ili kuona ni pembe ipi inayolishinda kila moja.

Debe la pili linafahamika vizuri katika nyanda za juu za Mbulu. Wakulima wa Kiiraqw wa Kainam na maeneo ya jirani wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, na watafiti wamekuwa wakiwaandikia sifa kwa matuta yao, samadi yao na mifereji yao ya kuongoza maji. Mfereji unaotoa maji hauupunguzii mlima uzito wa maana; unampunguzia mkulima kanieneo ya maji iliyo ndani ya udongo. Hata hivyo tusitie chumvi. Matuta ya shambani hushughulikia udongo wa juu. Mwamba dhaifu ulio juu kabisa ya msitu, ambako hakuna mtu alimaye, hauwezi kushikwa kwa jembe.

Jinsi mawe yalivyofika mjini

Watu waliofika Katesh siku ile waliona mawe makubwa yamelala mahali ambapo hayakuwako jana yake. Mto wa maji matupu hauwezi kwa urahisi kubeba jiwe la namna hiyo. Kanuni ya Archimedes inatueleza sababu. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina kilo 2,700 hivi. Ndani ya maji, jiwe hilo husukumwa juu kwa uzito wa kilo 1,000, likabaki kama lenye kilo 1,700. Ndani ya tope zito lenye kilo 2,000 kwa kila mita ya ujazo, hubaki kama lenye kilo 700, yaani karibu robo tu ya uzito wake. Tope linaibia dunia robo tatu za mvutano wake juu ya jiwe, kisha linalisukuma. Ndiyo maana mtu asidhani kwamba aweza kuvuka tope lenye kina cha goti kwa kuwa aliwahi kuvuka maji ya kina hicho.

Je, tungeweza kurudi Jumamosi?

Ndani ya hadithi jibu ni jepesi. Kibanda cha bluu kingetua Katesh jioni ya tarehe 2 Desemba, na Daktari angebisha hodi nyumba hata nyumba. Wanafunzi huuliza swali hili, na mwalimu asilikwepe. Sayansi ya leo haijui njia ya kurudi wakati uliopita. Inachojua ni kwamba wakati hauendi sawasawa kila mahali. Einstein alionesha kwamba mvutano hupunguza mwendo wa saa: saa iliyo karibu na kitovu cha dunia huchelewa kidogo kuliko iliyo mbali. Kilele cha Hanang kimeuzidi mji wa Katesh kwa zaidi ya mita 1,500. Saa mbili kamilifu, moja kileleni na moja mjini, zitatofautiana kwa sehemu 5 hivi za milioni ya sekunde baada ya mwaka mzima. Tofauti ni ndogo, lakini ni ya kweli. Saa za setelaiti za kuongoza safari hurekebishwa kwa sababu ya namna hiyo, karibu sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Huo ndio utalii wa wakati tulioruhusiwa, na wote ni wa kwenda mbele.

Lakini "Wild Blue Yonder" ina sehemu ya pili, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayofaa zaidi kujadiliwa darasani. Daktari na Donna wanajikuta ndani ya chombo kikubwa kitupu, ukingoni mwa ulimwengu, ambako hata nyota hazionekani. Humo mna viumbe wawili wanaoiga sura na mawazo ya watu. Kuna pia roboti moja kuukuu, ambayo inapiga hatua moja, kisha husimama kwa muda mrefu mno. Hakuna anayeijali. Baadaye Daktari anang'amua kwamba nahodha wa chombo, kabla ya kufa, aliiagiza roboti hiyo iende kukilipua chombo, na akaufanya mwendo wake uwe wa polepole kiasi kwamba wale viumbe wasitambue kuwa kuna jambo linalotendeka. Kwa miaka mitatu mlipuko ulikuwa ukitembea mbele ya macho yao.

Mteremko hufanya hivyohivyo. Mwamba wa volkano huoza kwa maji na hewa kwa maelfu ya miaka, na kila msimu wa mvua uwiano wetu hupungua kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kisha huja mwaka kama 2023, mwaka wa El Niño, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetabiri kwamba vuli yake ingekuwa na mvua nyingi kuliko kawaida. Mlimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Milimita 50 juu ya kilometa moja ya mraba ni lita milioni 50. Hatua ya mwisho ya roboti huchukua dakika chache, na watu huipa tarehe, wakaiita tukio.

Kuna namna mbili za kuziona hatua za kabla ya hiyo. Ya kwanza ni kusoma ardhi. Nenda na wanafunzi kwenye ukingo wa korongo lililokatwa na mto, mahali salama na wakati wa kiangazi. Tabaka lililowekwa na mto huwa limechambuliwa: kokoto pamoja, mchanga pamoja. Tabaka lililowekwa na tope huwa limechanganyika, mawe makubwa yakiwa yameshikwa katikati ya udongo laini bila mpango wowote. Tabaka la namna ya pili likionekana chini ya shamba la mtu, basi jambo lile limewahi kufika hapo, hata kama hakuna mzee anayelikumbuka.

Ya pili ni kipimamvua. Utabiri wa taifa hueleza hali ya mkoa, lakini mvua ya mlimani yaweza kunyesha upande mmoja na kuuacha wa pili mkavu. Kopo lenye kuta zilizonyooka, rula, na daftari linaloandikwa kila siku saa tatu asubuhi vyatosha kuanzia. Namba za mwaka mmoja hazisemi mengi. Namba za miaka 15, zikiandikwa pamoja na kila ufa, kila chemchemi mpya na kila poromoko dogo lililoonekana mlimani, zaweza kueleza ni mvua ya kiasi gani, ikinyesha kwa siku ngapi mfululizo, inayoutikisa mteremko wa kijiji kile na si kingine. Ugumu ni kwamba mwanafunzi hukaa shuleni miaka minne, na walimu huhamishwa. Daftari lazima liwe mali ya shule.

Maswali

Kwa mteremko wa mfano wetu, tafuta uwiano utakuwa ngapi maji yakijaa nusu tu ya kina cha udongo; chukulia, ili kurahisisha, kwamba kila mita ya ujazo ya udongo huo ina kilo 2,000 hata palipokosa maji. Je, mteremko utateleza? Kisha jadilini: tuta linalozuia maji yasitiririke huhifadhi rutuba, na wakati huohuo hufanya maji mengi zaidi yazame ardhini. Katika shamba lenye mteremko wa nyuzi 10 na katika lile lenye nyuzi 30, mngemshauri mkulima kuyashika maji au kuyatoa, na mngeyapeleka wapi? Mwisho, chorea ramani njia ya maji kutoka kilima kilicho karibu zaidi na shule yenu hadi bondeni, mkitia alama kila nyumba iliyo ndani ya hatua 50 kutoka kwenye njia hiyo, na mweleze ni nyumba ipi ambayo tope lingeifikia kwanza.